Njiwa Ulioniachia

Walikuwa sita, Kyungu. Sita tu,
ndani ya kisanduku ulichokigongelea nyuma ya jiko,
ukawapa majina ya stesheni za reli:
Kamina, Luena, Bukama, Tenke,
Likasi mwenye mguu mmoja mfupi,
na Sakania, jike mweupe, uliyemlisha kwa mkono.
Ulipoondoka hawakukaa matanga.
Walihamia ghalani, wakazaana.

Leo asubuhi nimehesabu hadi mia na arobaini,
nikachoka kabla ya kufika pembe ya pili.
Wamekaa juu ya vyuma vya paa
kama ndugu wa mume siku ya kugawa mali.

Mtu wa kinu alitoka Lubumbashi na gari tupu,
akarudi na gari tupu.
Alichota kiganja kimoja cha mahindi, akanusa,
akatoa unyoya katikati ya punje,
akauweka mkononi mwangu taratibu, kama chenji.
"Mama Mujinga, bukari ya watu haitaki manyoya."
Magunia kumi na manne.
Andika mwenyewe huko uliko.

Usifikiri nilikaa bure.
Nilitundika tepu za kaseti zako, ndiyo, zote,
hata ile ya harusi,
zikameremeta siku mbili katika upepo wa Julai.
Siku ya tatu Sakania, au mjukuu wake,
alikata kipande akakitia kwenye kiota.
Nikasimamisha koti lako la reli juu ya mti, na kofia.
Walilitambua, Kyungu.
Walitua mabegani wakasubiri mtama.

Hapo nilikaa chini kidogo.

Banza, mtoto wa dada yako,
alileta sumu ndani ya karatasi ya sukari.
Nikamuuliza: na kuku? Na paka wa jirani?
Na mtoto anayeokota punje mlangoni
na kuzitia mdomoni?
Aliondoka amenuna, karatasi yake mfukoni.

Basi nikashika kazi ya polepole.
Nimefagia hadi punje ya mwisho.
Nimeinua magunia juu ya mbao, nikayafunika turubai.
Nimepanda ngazi na kijiko cha kukorogea,
nikatoa mayai, mawili mawili, yangali na joto.
(Sikuyala. Usiniulize.)
Nikanunua nyavu kuukuu za wavuvi wa Kasenga,
magamba bado yamenasa kwenye mafundo,
na Kachomba, fundi wa mabati,
akazishona kwa waya pande tatu chini ya paa.
Upande wa nne tuliusubiri.
Saa sita mchana, wote wakiwa bwawani wanakunywa,
akavuta, akafunga.
Nyundo ikagonga. Kisha kimya
nisichowahi kukisikia humo
tangu uliponunua yale mabati ya kampuni.

Kisha, juu ya boriti ya mwisho:
piii. Piii.

Kachomba alinitazama, nyundo bado mkononi.
"Ni wawili," alisema kutoka juu ya ngazi.
"Manyoya ndiyo kwanza yanachomoza, kama misumari.
Wiki mbili, labda tatu, wataruka."
Nje, mmoja mweupe alikuwa anagonga wavu kwa kifua.

Mtu wa kinu anarudi Jumatatu.
Nimemwambia Kachomba afungue pembe moja,
upana wa kofia yako, si zaidi.
Amenihesabia kazi hiyo mara mbili, nimelipa.
Chini ya boriti nimeweka beseni la mavi yao.
Usiku, nikipita na taa kufunga mlango,
nawaambia wale wawili: wiki tatu, mnasikia?
Halafu na hiyo pembe naiziba.

Majina sijawapa.
Mmoja ana mguu mfupi.